Maelezo juu ya Viumbe wa Hitilafu katika Michezo ya Kukusanya Madubwana

Katika Kiswahili yako majina ya zamani yamalizikayo kwa irabu -e, nayo huonyesha yule aliyetendwa jambo. Mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, na kiumbe ni aliyeumbwa. Kwa kuifuata maana hiyo, hapana kiumbe asiye na muumba wake. Hata hivyo, katika michezo ya kompyuta wako viumbe ambao hapana mtu aliyewakusudia, wala aliyewachora, wala aliyewaandikia sifa zao. Na watoto wa nchi nyingi wamewaona kwa macho, wamepigana nao, wamewakamata, na wamesimuliana habari zao. Hao ndio waitwao viumbe wa hitilafu. Wako walioghadhibika kwa ajili yao, wakiwaona kuwa ni uharibifu. Na wako waliowafanya kuwa kama majini ya mitamboni. Maelezo haya yakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyo kwa upande wowote. Kiumbe wa hitilafu ana sababu yake iliyo wazi, na sababu hiyo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua kama hesabu.

Mchezo uliowapatia viumbe hao sifa kubwa ni Pokémon. Jina hilo ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza kwa matamshi ya Kijapani, na maana yake ni madubwana ya mfukoni. Ulitungwa na Satoshi Tajiri pamoja na wenzake wa kampuni ya Game Freak, ukatolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Matoleo ya kwanza yalikuwa mawili, Red na Green. Katika Amerika ya Kaskazini mchezo ulifika mwezi wa Septemba 1998 kwa majina ya Red na Blue, na Ulaya ukafika mwaka 1999.

Mchezaji huchukua nafasi ya kijana asafiriye mji kwa mji. Apitapo katika majani marefu, au avukapo maji, hutokewa na viumbe wa mwituni. Huwadhoofisha kwa vita, kisha huwanasa ndani ya tufe maalumu, huwalea na kuwafundisha, na aweza kubadilishana na mwenzake kwa waya wa kuunganisha mashine mbili. Viumbe halali wa mchezo huu wa kwanza ni 151, na kila mmoja ana nambari yake katika daftari la mchezaji, tangu 1 hata 151.

Yafaa kusemwa neno juu ya jina litumikalo hapa. Zimwi wa hadithi za Kiswahili ni mla watu, naye hufugwa na hapana mtu. Kwa hiyo jina hilo halifai kwa wanyama wa mchezo ambao hulelewa kama mbuzi na kuku. Dubwana ni jina la kitu kikubwa cha kutisha, lakini wengi wa hao ni wadogo kama panya. Ndiyo sababu neno kiumbe ndilo lenye kufaa zaidi, ingawa, kama ilivyokwisha kusemwa, ndilo lenye mashaka makubwa kwa habari ya wale wasioumbwa.

Ili kuelewa asili yao, ni lazima kwanza ifahamike jinsi mashine inavyomjua kiumbe. Mashine haimjui kwa sura, wala kwa jina, wala kwa tabia. Humjua kwa nambari moja tu. Game Boy, iliyotolewa mwaka 1989, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 8,192, na katika baiti moja huweza kuandikwa nambari yoyote tangu 0 hata 255, yaani nambari 256 kwa jumla. Nambari ya kiumbe huandikwa katika baiti moja. Nambari hii si ile ya daftari la mchezaji. Ni nyingine ya ndani, ambayo mchezaji haonyeshwi kamwe. Katika hesabu hiyo ya ndani nambari 1 ni ya Rhydon, na nambari 21 ni ya Mew, ambaye katika daftari ndiye wa mwisho, wa 151.

Mfano wa posta waweza kusaidia. Chukua ofisi ya posta ambayo karani wake hupokea barua zenye nambari za masanduku tangu 0 hata 255. Wenye masanduku ni watu 151. Ukutani pana masanduku 190, yaani tangu la 1 hata la 190, basi masanduku 39 hayana wenyewe. Juu ya kila moja la hayo 39 wenye posta wamebandika kibandiko kimoja, chenye kusema kwamba nambari hii haina mtu. Nambari zilizosalia, tangu 191 hata 255 pamoja na 0, ni 66. Hizo hazina hata sanduku. Lakini karani huyu hakufundishwa kukataa barua. Akipewa nambari 200 hupima hatua zake kama kawaida, hupita mwisho wa ukuta, na mlango wowote atakaoukuta mahali pale huufungua, akadhani ni sanduku.

Ndivyo ilivyo hasa katika mchezo. Katika orodha ya majina, nafasi 39 zisizo na mwenyewe zimeandikwa neno moja, MISSINGNO., maana yake nambari iliyokosekana. Katika toleo la Kijapani zimeandikwa Ketsuban, kwa maana iyo hiyo. Neno hili lilikuwa kibandiko cha watengenezaji, si jina la mnyama. Katika hizo 39, nambari 36 humwonyesha kiumbe mwenye umbo la vipande vilivyovurugika, mfano wa herufi L iliyogeuzwa. Tatu zilizobaki huonyesha picha zilizochorwa kweli kwa kazi nyingine: mifupa miwili ya kale iliyowekwa katika jumba la makumbusho la mji wa Pewter, na pepo wa mnara wa makaburi wa Lavender. Ama zile nambari 66 zilizo nje ya orodha, majina yake ni mkusanyiko wa herufi usio na maana, kwa kuwa mashine husoma jina mahali ambapo hapakuandikwa jina.

Sasa huulizwa: ikiwa nambari hizo hazina mtu, ni nani apelekaye barua kwazo? Mchezo uendeshwapo kwa kawaida haumtoi kiumbe wa mwituni kwa nambari hizo. Lakini iko njia iliyogunduliwa na wachezaji, nayo yajulikana kwa jina la hitilafu ya mzee.

Katika mji wa Viridian yuko mzee amwonyeshaye mchezaji namna ya kunasa kiumbe. Wakati wa maonyesho hayo jina la mzee lazima lionekane mahali pa jina la mchezaji. Basi programu huliondoa jina la mchezaji, huliweka kando kwa muda, na maonyesho yakiisha hulirudisha. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na watengenezaji hawakutaka kutenga mahali papya kwa kazi ya dakika moja. Wakalitia jina hilo mahali palipokuwa pametulia wakati ule. Mahali hapo ni pale panapowekwa orodha ya viumbe wa majani marefu. Mji wa Viridian hauna majani ya namna hiyo, kwa hiyo orodha haitumiki. Nakala ya jina hubaki humo kama masalio, nayo haina madhara, kwa sababu mchezaji atokapo mjini na kufika penye majani, orodha ya mahali pale huandikwa juu yake na kulifuta.

Jambo hili lilipangwa vizuri, ila kwa ukingo mmoja wa bahari. Mchezaji aliyekwisha kupata uwezo wa kuruka angani huweza kutoka Viridian moja kwa moja hata kisiwa cha Cinnabar, bila ya kukanyaga majani yoyote njiani. Kisiwa kile na bahari yake hakina orodha ya majani, basi jina halifutwi. Katika pwani ya mashariki ya kisiwa upo ukanda mwembamba wa maji uliogusana na nchi kavu. Programu, ikitaka kujua kama kiumbe aweza kutokea, huangalia kona ya chini ya kulia ya mahali asimamapo mchezaji, na huikuta ni maji; hivyo hukubali kiumbe atokee. Kisha ikitaka kujua atoke katika orodha ipi, ya maji au ya majani, huangalia kona ya chini ya kushoto, na kona hiyo ni nchi kavu. Hivyo huichukua orodha ya majani. Mchezaji huelea juu ya maji, na mashine husoma orodha ya nyasi. Na katika orodha ya nyasi pana jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo herufi zigeukapo kuwa wanyama. Kwa mashine, herufi pia ni nambari. Katika matoleo ya Kiingereza herufi kubwa A ni 128, B ni 129, na kuendelea hata Z ambayo ni 153. Herufi ndogo huanzia 160. Na alama ya kumaliza jina ni 80. Orodha ya viumbe imepangwa kwa jozi: kwanza daraja la kiumbe, kisha nambari yake. Jina likisomwa kama orodha, herufi ya pili, ya nne na ya sita huwa madaraja, na herufi ya tatu, ya tano na ya saba huwa viumbe.

Mifano ya majina ya Kiswahili yaweza kulidhihirisha jambo hili. Mchezaji aliyejiandika ASHA ana herufi H mahali pa tatu. H ni 135, nayo ni mojawapo ya nambari 39 zisizo na mwenyewe. Basi Asha hukutana na MissingNo. wa daraja la 146, kwa sababu herufi yake ya pili ni S. Aliyejiandika HAMISI ana M mahali pa tatu, S mahali pa tano, na alama ya mwisho mahali pa saba. Nambari zake ni 140, 146 na 80, na zote tatu ni za MissingNo. Lakini aliyejiandika IDDI ana D mahali pa tatu, yaani 131, na nambari hiyo ni ya Mewtwo, kiumbe mwenye nguvu ambaye kwa halali yuko mmoja tu katika mchezo mzima, tena amefichwa pangoni katika daraja la 70. Iddi humkuta juu ya maji katika daraja la 131, hali sheria ya mchezo haikubali daraja lipitalo 100. Hapana bahati wala ndege mbaya katika mambo hayo. Wazazi walimpa mtoto jina, mtoto akaliandika katika mashine, na mashine ikasoma jina hilo kwa kanuni nyingine.

Baada ya kujua atokako, hufuata swali la umbo lake. Viumbe wote 39 walitiwa nambari 0 katika daftari la mchezaji, kwa maana ya kuwa hawamo. Programu, ikitafuta sifa za kiumbe, hutoa moja katika nambari yake ya daftari ili ipate nafasi yake, kwa kuwa safu huanza kuhesabiwa kwenye 0. Sifuri ikitolewa moja ndani ya baiti haiwi chini ya sifuri. Huzunguka na kuwa 255, kama mita ya gari ikirudishwa nyuma kutoka sifuri. Sifa za kila kiumbe huchukua baiti 28. Mashine basi huhesabu 28 mara 255, ambazo ni 7,140, na kwenda mbali kiasi hicho kutoka mwanzo wa safu. Huko imeikuta sehemu ya orodha za vikosi vya wapinzani ambao mchezaji hupambana nao. Nambari hizo, zilizoandikwa ili kueleza ni mpinzani gani ana viumbe gani, husomwa kana kwamba ni sifa za mwili. Ndiyo sababu MissingNo. ana nguvu ya kushambulia ya 136, uhai wa 33, na ulinzi wa 0. Hapana mtengenezaji aliyeona vema kumfanya mnyama mkali asiye na ngozi. Lakini ndivyo orodha ya wapinzani isemavyo ikisomwa kwa namna hiyo.

Picha yake ni vivyo hivyo. Picha za viumbe zimefumbatwa ili zichukue nafasi ndogo katika kaseti ya mchezo, na mashine huzikunjua kabla ya kuzionyesha. Picha halali haipiti upana wa vigae 7 wala urefu wa vigae 7, na kumbukumbu iliyotengwa ni ya kutosha kiasi hicho. MissingNo. hana picha iliyochorwa. Mashine hukunjua data isiyo picha, na data hiyo, kwa kuwa haikupimwa na mtu, hufurika nje ya nafasi yake. Palipo jirani na nafasi hiyo ndipo yalipohifadhiwa majina ya viumbe wa vikosi vilivyoshinda, yaani ukumbi wa heshima wa mchezaji. Kwa hiyo aliyemwona MissingNo. huenda akaufungua ukumbi wake na kukuta mashujaa wake wamechafuka wasitambulikane.

Liko tokeo jingine lililomfanya apendwe. Kiumbe aonekanapo, mchezo hutia alama katika daftari kwamba amekwisha kuonekana. Kwa kiumbe wa nambari 0, alama yatakiwa kutiwa mahali pa 255, ilhali daftari lina mahali 151 tu. Mashine huhesabu mbele, hupita mwisho wa daftari, na huingia katika mfuko wa mchezaji. Mahali pa 255 ni biti ya juu kabisa katika baiti ya hesabu ya kitu cha sita mfukoni, na biti hiyo thamani yake ni 128. Basi mchezaji aliyekuwa na kitu kimoja mahali pa sita huwa na 129. Aliyekuwa nacho 128 au zaidi haongezewi, maana biti ile imekwisha kuwashwa. Watoto waliweka mahali pa sita peremende adimu zenye kumpandisha kiumbe daraja, au lile tufe lisilokosa kunasa, ambalo mchezo hutoa moja tu. Na kwa kukutana na kiumbe asiyekuwapo walipata vitu zaidi ya mia.

Hapo pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mwezi wa Mei 1999 jarida la Nintendo Power liliwaonya wasomaji wake kwamba kumgusa MissingNo., hata bila ya kumnasa, kwaweza kufuta mchezo uliohifadhiwa au kuvuruga picha. Kwa mtoto aliyecheza miezi mingi, hilo lilikuwa onyo zito. Upande wa pili walikuwako watoto wenzake waliosema kwamba wamemwona mara nyingi, na mchezo wao u salama, tena wamepata peremende. Aliyetaka kujua ukweli hakuweza kutegemea sifa ya msemaji. Ilimpasa ajaribu, au amwone mwenziwe akijaribu. Uchunguzi wa baadaye, uliofanywa kwa kuifumua programu baiti kwa baiti, umeonyesha mipaka ya madhara katika njia ya mzee: ukumbi wa heshima huharibika kweli, na picha za viumbe wengine huonekana zimegeuzwa kwa muda, lakini safari ya mchezaji na viumbe aliowalea havifutwi kwa kumwona tu.

Thamani ya majaribio hayo huonekana zaidi yakilinganishwa na uvumi mwingine wa zama zile zile. Watoto walisimuliana kwamba Mew amefichwa chini ya lori lililo karibu na meli S.S. Anne, bandarini Vermilion. Lori lilikuwapo kweli, Mew hakuwapo. Habari hiyo ilikuwa na kila dalili ya kusadikika: kiumbe wa siri, mahali pa siri, na kitu kilichowekwa pale pasipo kazi. Habari ya MissingNo. ilikuwa na kila dalili ya uongo: zungumza na mzee, ruka hata kisiwani, elea pwani juu na chini, nawe utakutana na kipande cha takataka kitakachokuongezea mali. Iliyosadikika ilikuwa uongo, na isiyosadikika ilikuwa kweli. Hapana kilichozitenga ila jaribio lenye kurudiwa na kila mtu kwa mashine yake, likaleta jibu lile lile.

Mew mwenyewe alikuwa karibu na aina hii. Shigeki Morimoto, mmoja wa watengenezaji, alimtia katika mchezo mwishoni kabisa, baada ya vifaa vya kusahihishia programu kuondolewa na nafasi ya baiti kama 300 kupatikana. Hakuwekwa mahali popote ambapo mchezaji angeweza kumfikia. Aligawiwa na wenye mchezo katika mikutano yao. Mwaka 2003 wachezaji walitangaza njia ya kumpata bila ya mgawo huo. Hukimbia mbele ya mpinzani papo hapo anapowaona, na kwa kufanya hivyo huiacha mashine katikati ya shughuli isiyokwisha. Kisha hupigana na mpinzani mwingine, na nambari ya sifa moja ya kiumbe wa huyo, ikiwa ni 21, huja kusomwa kama nambari ya kiumbe atakayetokea. Na 21, kama ilivyotajwa, ni Mew. Ahadi ambayo uvumi wa lori haukuitimiza, hitilafu iliitimiza.

Mambo haya hayakukosa kuangaliwa na wataalamu. Mwaka 2007 Wilma Alice Bainbridge na William Sims Bainbridge walichapa uchunguzi juu ya jinsi wachezaji wanavyozitumia hitilafu za programu kwa kazi ya ubunifu. Nao watengenezaji walijifunza kwa njia yao. Katika toleo la Yellow njia ya mzee ilizibwa. Katika Ruby na Sapphire, zilizotolewa mwaka 2002, kila kiumbe huandikwa pamoja na jumla ya kuhakiki. Mashine huijumlisha upya, na jumla zisipolingana, kiumbe haonyeshwi tena kama alivyo, bali huonyeshwa kama yai baya. Yai hilo halitoi kifaranga cha maana. Tofauti yake na MissingNo. ni kubwa: MissingNo. hutokea kwa sababu karani hakufundishwa kukataa barua, na yai baya hutokea kwa sababu karani amekwisha kufundishwa. Hata hivyo, Red na Blue zilipotolewa tena tarehe 27 Februari 2016 kwa mashine ya Nintendo 3DS, MissingNo. aliachwa mahali pake. Kilichokuwa kosa la kuonya watu kimekuwa sehemu ya kazi yenyewe, isiyofaa kuondolewa na mwenye kuihifadhi.

Msomaji aliyezoea maandiko ya kale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hataliona jambo hili kuwa geni kabisa. Katika maandiko hayo herufi moja ya be yaweza kusimama mahali pa b, au p, au mb, na fe yaweza kuwa f au v. Wino ni ule ule. Neno hupatikana kwa msomaji anayejua ni neno gani latarajiwa pale. Asiyejua husoma neno jingine, na neno hilo huenda likawa na maana yake timamu ambayo mwandishi hakuiwaza kamwe. Mashine ni msomaji wa namna hiyo, mwenye utii mwingi na asiye na matarajio. Ikiambiwa isome orodha ya viumbe, kila iwekewacho ni kiumbe.

Kwa hiyo uchaguzi wa neno hitilafu, badala ya kosa au kasoro, ni uchaguzi mwema. Kosa ni la mtu aliyetenda visivyo, na kasoro ni upungufu wa kitu. Hitilafu asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana, na hata sasa Waswahili husema watu wamehitilafiana wasipopatana. Katika habari ya MissingNo. mashine haikuvunjika, wala haikuasi amri hata moja. Aliyeweka aliweka jina. Aliyesoma alisoma mnyama. Nao wote wawili walifuata kanuni zao kwa uaminifu. Kiumbe huyu hakuumbwa na yeyote kati yao. Alitokea katika mahali pale wasipopatana, na watoto waliomwona ndio waliomtia jina kwa kulichukua lile neno la kibandiko na kuliita kana kwamba ni jina la mwenye nyumba.